Swali la lugha: chembe zisizokamilika, au ambazo hazijakamilika?

Msomaji anayeandika ikisiri ya tasnifu kuhusu kirusi cha SV40 (kirusi cha nyani, ambacho chembe yake ni ganda la protini lenye DNA ndani) anauliza: aandike "chembe ambazo hazijakamilika" au "chembe zisizokamilika"? Na je, "DNA ya kirusi na seli" inatosha?

"Ambazo hazijakamilika" ndiyo inayopotosha zaidi. Katika ukanushi, -ja- hubeba maana ya "bado". Ukisema nyumba haijakamilika, msikilizaji anangoja mafundi warudi. Ndani ya seli iliyoambukizwa yamo maganda ambayo kweli bado yanaundwa, hayo hayajakamilika. Lakini chembe iliyokwisha kutoka na kipande tu cha DNA haitajazwa tena. Hiyo ni chembe isiyokamilika, au isiyo kamili (maneno mawili, kwa kuwa kamili ni kivumishi). Kitenzi rejeshi chenye -si- hakibebi wakati, hueleza hali. Ndiyo maana hatuna "zisizojakamilika": ukitaka "bado", sharti upitie amba-.

"DNA ya kirusi na seli" haitoshi. Yaweza kusomwa kuwa DNA moja ya wote wawili, au DNA pamoja na seli zenyewe, na seli haziingii kwenye ganda linalotosha duara moja tu la DNA ya kirusi, lenye jozi za besi (viungo vya DNA) 5,243 hivi. Rudia a-unganifu (hapa "ya"): "DNA ya kirusi na ya seli".

Hata hapo hujasema kama zimo katika molekuli moja. SV40 ikipandwa mara kwa mara kwenye seli mpya bila kuzimuliwa, huzuka maduara yaliyochanganya vipande vya pande zote mbili. Hayo yaite "DNA ya kirusi iliyoungana na ya seli". Ganda likibeba ya seli tu, andika "DNA ya seli peke yake". Usiandike "DNA ya seli tupu", kwani msomaji ataona seli isiyo na kitu, na neno tupu unalihitaji kwa maganda yasiyo na DNA, yale ambayo, chembe zikitenganishwa kwa uzito katika myeyusho wa chumvi nzito, huelea kwenye densiti ya takriban gramu 1.30 kwa sentimita ya ujazo, juu ya chembe kamili za 1.34.

Kitenzi nacho kipime. "Iliyofungashwa" ni halali ikiwa uliziosha chembe kwa kimeng'enya kinachokata DNA kabla ya kufungua maganda. Bila hatua hiyo, DNA ya seli zilizopasuka hunata nje na kuhesabiwa kuwa ya ndani. Sema tu "iliyopatikana pamoja na chembe".

Kama uliifanya hatua hiyo ya kuosha, andika: "DNA ya kirusi na ya seli iliyofungashwa ndani ya chembe zisizokamilika za SV40".