Shangazi, mke wangu anasema nimeridhika mapema

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nilicheka, ya pili nikaacha kucheka.

Kwa wasomaji wengine, huyu kijana ana miaka 36, kapanga vyumba viwili Tandika, ana mke na watoto wawili, kazi yake karani kwenye ghala. Kodi inalipwa, ada inalipwa, kiwanja kipo Chanika kimeota mihogo. Raha zake ni mbili tu, jioni kahawa na bao pale kijiweni, na Jumamosi alfajiri kwenda Feri kununua samaki. Anasema akiwa kule anajisikia mtu kamili kabisa, ila akirudi nyumbani mama watoto anamwonyesha simu, stetasi za WhatsApp za watu aliosoma nao, huyu kahamia kwake Goba, yule anapiga picha Dubai, "wenzio hao". Sasa anasema hata kahawa anainywa kama anaiba. Anauliza, Shangazi, kuridhika na vitu vidogo ni uvivu?

Sio uvivu. Hilo nakujibu haraka ili tufike kwenye lenyewe.

Mi mwenyewe kipindi fulani nilitaka makochi. Nilicheza vikoba karibu miaka mitatu, nakula dagaa, nanyima watoto soda, yakaja makochi ya rangi ya maziwa, makubwa mpaka fundi akatoa mlango ndo yakapita. Unajua nani aliyakalia? Hakuna. Niliyaacha na nailoni yake, juu nikaweka vitambaa, ukikaa unatoka jasho mgongo mzima, basi sote tukawa tunarudi kwenye mkeka nje pale chini ya mwarobaini kama zamani, na ule mkeka niliununua kwa hela ya mboga. Sisemi makochi mabaya, bado ninayo hayo, ila ile raha niliyokuwa naitafuta miaka mitatu ilikuwa imetandikwa nje siku zote na mi naifagia.

Kwa hiyo nakuelewa sana unaposema habari ya kahawa. Yule mzee kuja na birika lake la shaba lina mkaa chini, vikombe anavigonga vinalia ka ka ka toka mtaa wa pili, unapewa kikombe kidogo kisicho na mkono, cha moto mpaka unakishika kwa ncha za vidole, chungu haina hata chembe ya sukari alafu unang'ata kashata ya karanga. Nani kasema hiyo si maisha? Mtu yuko Dubai anapiga picha chai ili wewe uione, we yako unainywa.

Lakini mwanangu kuna kitu umekiandika kwa kupita tu, mi ndo nimekiona kikubwa. Umesema ukitoka kazini unaanzia kijiweni mpaka saa tatu usiku. Na samaki ukileta unamkabidhi mkeo kwenye mfuko unalala. Sasa hebu jiweke kwake. Vicheko vyako anavisikia toka ukutani, vya kijiweni, wewe mwenyewe unayeingia ndani ni mtu mwingine, kimya, umechoka. Yeye raha yako haijui, anachokijua ni magamba ya samaki kwenye karai saa moja asubuhi na watoto wanataka uji. Ningekuwa mimi ningeshika simu pia, angalau kule watu wanacheka.

Kuna utafiti wa chuo cha Harvard kule Marekani, walianza 1938 wakawafuatilia vijana wa kiume mpaka wakawa vikongwe, na moja ya mambo makubwa waliyoyaona ni kwamba waliozeeka na afya na furaha ni wale waliokuwa na uhusiano mzuri na watu wao wa karibu, hilo lilizidi hela na jina. Mi sihitaji Harvard kuniambia hayo ila nimeona nikuwekee maana nyie wanaume mkiambiwa na Shangazi mnasema umbea. Sasa wewe wa karibu yako ni nani, wacheza bao?

Habari ya kiwanja, mkeo hana kosa. Hajakuomba nyumba ya Goba, kasema miaka minne hata tofali moja hujapeleka. Anza na tripu moja ya mchanga, mpeleke akauone unamwagwa, utashangaa kelele zitakavyopungua.

Na ule usingizi unaosema unakata ukishaangalia hizo stetasi, simu iache sebuleni ukienda kulala. Ila nisikilize hapa vizuri, siku ukiona wiki mbili zimepita hata kahawa haina ladha, Feri huendi, chakula hakipiti, kila siku moyo mzito tu, hayo sio ya kuandikia gazeti, nenda hospitali uongee na daktari, hiyo inaweza kuwa sonona na inatibika.

Kwa sasa naona hujafika huko, maana mtu aliyeniandikia mistari sita kuhusu vibua vinavyong'aa mnadani bado yuko hai.

Jumamosi hii watoto waache kwa dada yako, mwamshe mama watoto saa kumi na moja mpande daladala ya kwanza. Usimwambie ni mtoko atavaa viatu virefu na pale chini ni maji ya samaki matupu. Mwache yeye apatane bei, nina uhakika anakushinda. Mkirudi we ndo upare hao samaki, ukae naye hapo hapo uani, jioni mpelekee kikombe na kashata mlangoni kabla hujafika kwenye bao lako.

Alafu niandikie. Nataka kujua kama aliinywa au aliitia sukari.