Wi-Fi inasuasua Uyole: niongeze kifurushi au ninunue ripita?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Uyole, Mbeya. Nyumba yangu ni ya tofali za kuchoma, vyumba vinne. Natumia ruta ya 4G ya kuweka laini, ipo sebuleni kwenye kabati la TV. Hapo sebuleni inakwenda vizuri, chumbani kwa watoto inasuasua, na kwenye fremu yangu ya duka huko mbele haifiki kabisa. Jioni ndiyo balaa. Umeme ukikatika hata dakika moja, binti yangu anayesoma chuo kwa mtandao anatolewa kipindini. Nipandishe kifurushi, au ninunue ripita, vile vifaa vya kurudia mawimbi ya Wi-Fi, vinavyouzwa Mwanjelwa?

JIBU: Nzuri, mwalimu, na pole kwa usumbufu. Naomba usinunue chochote wiki hii.

Intaneti yako inapita njia mbili: kutoka mnarani hadi kwenye ruta, halafu kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu. Kifurushi kikubwa hakitibu njia ya pili, na ripita haitibu ya kwanza. Inaniuma kuona mtu analipia njia ambayo haina ugonjwa, maana fedha hiyo ingelipa ada ya mtoto.

Kwa hiyo pima. Kaa hatua mbili tu kutoka kwenye ruta, pima kasi kwa simu saa 11 alfajiri, kisha saa 2 usiku. Rudia vipimo hivyo chumbani kwa watoto, uandike namba zote kwenye daftari. Ukiwa karibu na ruta ukapata megabiti 20 kwa sekunde, na chumbani 2, mnara hauna kosa. Video safi ya HD huhitaji takriban megabiti 5, kwa hiyo hizo 20 zinatosha familia. Lakini kama alfajiri ni 20 na usiku ni 3 ukiwa palepale kwenye ruta, mnara umeelemewa: mtaa mzima umerudi nyumbani na unagawana mawimbi yaleyale. Hapo dawa ni kujaribu laini ya kampuni nyingine, kama ruta yako haijafungwa kwa kampuni moja, au kuulizia kama faiba (intaneti inayoletwa kwa waya hadi nyumbani) imefika mtaani kwenu. Angalia pia masharti ya kifurushi, kwani vingine hupunguzwa kasi ukishavuka kiwango fulani cha matumizi.

Sasa kabati la TV. Huko ruta imebanwa kati ya TV, ukuta na pengine nondo za dirisha, na chuma hurudisha mawimbi. Tofali za kuchoma zikijengwa nene huyanyonya, hasa mawimbi ya 5 GHz, moja ya aina mbili za Wi-Fi ambazo ruta nyingi hurusha; yana kasi kubwa lakini hayapendi kuta. Ya 2.4 GHz hupenya vizuri zaidi, ila ni ya polepole na majirani wote wamejazana humo. Ukiweza kuingia kwenye mipangilio ya ruta (kwa kawaida anwani na nywila vimeandikwa chini yake), tenganisha majina ya mitandao hiyo miwili: TV na kompyuta za sebuleni zitumie 5, simu za vyumbani zitumie 2.4. Kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache, na upana wa chaneli uwe 20 MHz.

Ruta ya 4G ina tatizo ambalo ya faiba haina. Inataka kukaa dirishani inakouona mnara, na nyumba inataka ikae katikati. Huku kwetu kwenye milima, kuhama kutoka dirisha moja hadi jingine kunaweza kubadilisha kila kitu, kwa sababu mgongo wa kilima ukikaa kati yako na mnara, unaumia. Kwenye mipangilio tafuta namba inayoitwa RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayofika kwenye ruta. Ikiwa karibu na −85 ni nzuri. Ikishuka chini ya −110 utateseka. Izungushe ruta nyumba nzima, dirisha hadi dirisha, ukisoma namba hiyo, na iweke panapokuwa bora.

Kisha ndipo uvute waya. Ripita ya kawaida isiyo na waya hupokea na kutuma kwa redio ileile, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu, na ukiiweka chumbani ambako mawimbi yameshachoka itarudia uchovu uleule. Waya wa mtandao wa Cat 5e unabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Vuta mmoja kutoka kwenye ruta hadi ukumbi wa vyumba, na mwingine hadi kwenye fremu, upite ndani ya paipu ili jua na panya wasiuharibu. Mwisho wa kila waya funga ruta ya kawaida, hata iliyotumika: zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani kwa simu na kompyuta, ambayo ruta kubwa inaifanya tayari), ipe anwani isiyogongana na ya ruta kubwa, na uchomeke waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), wala si la WAN (la kuingizia intaneti). Fundi akikuambia hilo haliwezekani, mwombe asome maelezo ya kifaa.

Kuhusu umeme, nunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba inayoiendesha umeme ukikatika. Soma kwanza kibandiko cha adapta: nyingi ni volti 12, na UPS lazima itoe volti hizohizo na ampea zisizopungua zilizoandikwa. Binti yako hatatolewa tena kipindini, kwa sababu ruta haitazima na kuanza upya kutafuta mnara.

Mvua za Novemba hadi Aprili zikija na radi, chomoa adapta na pia waya unaokwenda kwenye fremu. UPS ndogo haizuii radi, na waya mrefu wa nje unaweza kuiingiza ndani hadi kwenye ruta zote mbili.