Kibanda cha kulala juu ya Hilux iliyonyanyuliwa

Ndugu yangu, umeuliza kama Hilux yako ya dabo kebini, uliyoinyanyua inchi 4, itabeba kibanda cha kulala cha kupachika nyuma, kutoka Arusha hadi Ziwa Natron. Mimi ningeanza na mizani kabla ya fundi.

Kunyanyua gari hakuongezi hata kilo moja ya uwezo wake wa kubeba. Chesisi, ekseli na breki ni zilezile. Soma uzito wa juu ulioandikwa na kiwanda, kisha pima gari likiwa na kila kitu: mafuta, abiria, vyombo, maji. Lita 80 za maji ni kilo 80, na watu husahau hilo kabisa!

Kinachonitia hofu zaidi ni urefu wa kwenda juu. Kibanda kimeshapandisha uzito juu, nawe umeupandisha tena. Kwenye kona kali, au upepo ukikupiga ubavuni, gari litayumba na kuchelewa kutulia. Tena bodi ya dabo kebini, yaani sehemu ya mzigo, ni fupi, kwa hiyo mzigo ukining'inia nyuma ya ekseli, usukani unakuwa mwepesi na chesisi inaweza kupinda kwenye makorongo ya njia ya Natron.

Shusha hadi inchi 2, weka springi za nyuma za mzigo na matairi ya mzigo. Matangi ya maji yakae chini, karibu na kebini. Kibanda kifungwe kwenye chesisi, maana ukikifunga kwenye bati la bodi, litachanika.

Ukishapima, niandikie kilo ulizopata.