Herufi ndani ya kipeuo: nilikokuwa ninapotea

Shule ya msingi sikuwa na ugomvi na kipeuo cha pili. Unaivunja namba kwa namba tasa, unapanga jozi, umemaliza. Kidato cha pili lugha ikageuka, herufi zikaingia, nikaanza kubahatisha. Nikiona √(x⁵) naandika chochote chenye sura ya jibu.

Kumbe njia ni ileile ya darasa la saba, maana hata herufi inavunjika. Chukua √(72x⁵y²). 72 ni 2×2×2×3×3: jozi ya 2 inatoka kama 2 moja, jozi ya 3 kama 3 moja, na 2 iliyokosa mwenzake inabaki ndani. x ziko tano: jozi mbili zinatoka, yaani x², moja inabaki. y² ni jozi moja kamili. Jibu: 6x²|y|√(2x).

Mbona y imewekewa vijiti? Hapo ndipo nilipopoteza maksi nyingi. Jaribu y = −3. y² ni 9, na √9 ni 3, si −3. Ukiandika y peke yake umedanganya, kwa hiyo tunaweka thamani kamili. x² haihitaji, haiwezi kuwa hasi. Lakini soma swali kwanza: mara nyingi huanza kwa kusema herufi zote ni chanya, na hapo vijiti havina kazi.

Kosa langu la pili lilikuwa kuvunja jumlisho. √(x²+16) nikaandika x+4, kwa kujiamini kabisa! Weka x = 3: ndani unapata 25, kipeuo chake 5. Mimi nilikuwa na 7. Jozi hutoka kwenye kuzidisha tu.

Na chora paa refu. Alama √ ilichapishwa 1525 na Mjerumani Christoph Rudolff bila ule mstari wa juu. Mwanahisabati Mfaransa Descartes ndiye aliyeuunganisha, 1637. Mwandiko wangu ulikuwa wa kabla ya Descartes: x inaning'inia nje, hatua inayofuata naisahau ilikotoka.

Juzi mpwa wangu ameniletea ∛(x⁷). "Mjomba, hii nayo jozi?" Nikamwambia hii ni watatu watatu. Akaandika x²∛x, kisha akauliza kama aweke vijiti. Nikamuuliza kipeuo cha tatu cha −8 ni ngapi. Akafikiri kidogo, "−2", akaweka kalamu chini.