Kava za kaboni za saidi mira: kwa nini zinanata, na namna ya kuzitengeneza kwenye joto na unyevu wa Mtwara

Mkuu, umesema uko Mikindani, unataka boneti ya kaboni (kitambaa cha nyuzi za kaboni kilichogandishwa kwa resini) ya Toyota Altezza, na kava ya saidi mira uliyoanza nayo bado inanata ingawa uliongeza hadna (dawa inayochanganywa na resini ili igande) ili iwahi kukauka. Kosa liko hapo kwenye kuongeza hadna.

Huku kusini wengi tunaijua resini, ile gundi ya maji inayogandishwa, kupitia mafundi wa boti za faiba. Yao ni poliesta, na dawa ya kugandisha wanaweka asilimia 1 hadi 2 tu. Jua likiwa kali wanapunguza, mawingu yakitanda wanaongeza. Epoksi, resini unayotumia kwenye kaboni, haina mchezo huo. Hadna yake ni sehemu ya gundi yenyewe, inaungana na resini kwa kipimo maalumu, na inayozidi haina cha kuungana nacho, hivyo kitu kinabaki laini. Kopo likisema 100 kwa 30 kwa uzito, gramu 92 za resini zinataka gramu 28 za hadna, kwa mizani ya dijitali. Hakikisha uwiano huo ni wa uzito au wa ujazo, maana havilingani. Koroga dakika 3 ukikwangua kuta na kitako, kisha mimina kwenye kopo la pili ukoroge tena. Resini iliyobaki kwenye kuta za kopo bila kuchanganyika ndiyo inayoacha mabaka ya kunata katikati ya kazi iliyokauka. Ukitaka iende haraka au polepole, unabadilisha aina ya hadna. Pwani yetu nunua ile ya polepole.

Poliesta bado ina kazi: itumie kwenye kalibu, yaani umbo unalolichukua kutoka kwenye kava ya asili ili ulaze kaboni ndani yake. Kava ya asili ipake nta ya kalibu mara 5 au 6, kila mkono ukauke na ung'arishwe, kisha PVA (dawa ya maji inayokauka kuwa utando wa kuzuia kunata) juu yake, kwa sababu poliesta inakula rangi ya gari. Jelikoti (resini nzito ya uso) mikono miwili, halafu mati (faiba ya kioo ya nyuzi fupi) nyepesi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, iache igande, ndipo uongeze mati ya 450 matabaka 3. Ukiyarundika yote kwa mkupuo yanachemka, yanasinyaa, na alama za nyuzi zinatokea kwenye uso wa jelikoti. Usiibandue kalibu siku hiyo hiyo. Iache siku kadhaa imalize kusinyaa ikiwa imeshikwa. Ila mati hiyo ya boti usiichanganye na epoksi. Gundi inayoshika nyuzi zake inayeyushwa na poliesta, epoksi haiiyeyushi, kwa hiyo mati inabaki ngumu, nyeupe, na haikai kwenye kona.

Kwa kava moja kata kitambaa cha sentimita 30 kwa 40: tabaka la gramu 200 kwa mita ya mraba upande wa sura, moja la 400 katikati, na jingine la 200 nyuma. Hayo ni gramu 96 za kaboni. Resini ya kulowesha iwe uzito huo huo, ongeza gramu 40 za mkono wa kwanza unaopakwa kwenye kalibu, na kidogo kitakachobaki kwenye brashi. Jumla ni kama gramu 160, nazo zichanganywe mara mbili: kwanza 40, na ikifikia kunata bila kuchafua kidole, ndipo 120. Mimina kwenye trei pana, usiache kwenye kopo. Epoksi ikirundikana inajipasha yenyewe mpaka inatoa moshi. Muda ulioandikwa kwenye lebo mara nyingi ni wa nyuzi joto 20 au 25. Kila nyuzi 10 zikiongezeka, unabaki na karibu nusu yake.

Saa ya kuanza ina uzito mkubwa hapa kuliko wanavyofikiri watu wa bara. Anza saa tatu au saa nne asubuhi, umande ukishakauka, ili resini igande kabla ya jioni. Ukilaza kazi magharibi, unyevu wa usiku unaikuta bado mbichi na inatoa utando wa mafuta juu. Utando huo unayeyuka kwa maji, kwa hiyo osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na skochi kabla ya msasa. Thina inausambaza tu. Kitambaa nacho kifungwe kwenye nailoni kavu. Wakati wa masika kinavuta unyevu na unakuja kutoka kama vitundu.

Vakumu, yaani kufunika kazi kwa mfuko wa plastiki na kunyonya hewa ili matabaka yabanwe: pampu ya fundi friji inatosha. Kwa kazi ya kulowesha kwa mkono vuta hadi 0.6 au 0.7 ya bari chini ya hewa ya kawaida; ukivuta mpaka mwisho inafyonza resini kupita kiasi na kitambaa kinabaki kikavu. Weka klempu kwenye mpira wa pampu, umeme ukikatika unabana mara moja. Kwenye kona acha mfuko ujikunje makusudi. Ukiwa umekaza, unaning'inia juu ya kona na hewa inabaki chini yake.

Kisha joto. Epoksi iliyoganda kwenye nyuzi 30 inaanza kulainika karibu na 50, na kitu cheusi kwenye jua la mchana hapa kinapita 70. Ndiyo maana kava zinajikunja zikiwa zimeegeshwa tu. Zikiwa bado ndani ya kalibu, ziweke kwenye boksi la plaiwudi lenye balbu za zamani zinazotoa joto na kipimajoto, panda nyuzi 10 kila saa mpaka 60 au 65, kaa hapo saa 6, shuka taratibu.

Msasa uwe wa maji, na barakoa ya vumbi laini, si kitambaa. Maji meupe maana yake uko kwenye resini. Yakigeuka meusi umefika kwenye kaboni, simama. Maliza kwa kliya (rangi angavu ya juu) ya hadna yenye kinga ya jua, la sivyo epoksi inageuka njano.

Boneti iache mpaka kava zikae sawa. Ina karibu mita 1.5 za mraba, inahitaji watu wawili, na ngozi (tabaka la juu) peke yake haifai barabarani: lazima iwe na fremu chini, matabaka 6 hadi 8 kwenye bawaba na loki, na pini za boneti. Mahali kaboni inapogusana na chuma au alumini laza kwanza tabaka la faiba ya kioo, tumia bolti za stainless na washa za plastiki, maana kaboni na chumvi ya bahari vinaila alumini haraka sana.