Usimsome bondia kuanzia mwisho

Ninyi mnaoanza kuandika na kuchambua ngumi, nataka niwape kosa langu mlitumie. Nilipoanza kazi hii niliangalia pambano la Bernard Hopkins na Roy Jones Jr. la Aprili 2010. Jones alikuwa mzito, ngumi hazitoki, akapoteza kwa pointi bila ubishi. Nikaandika kwamba sifa zake zote zilikuwa za kupambwa. Mhariri wangu hakunigombeza. Alinituma nikaangalie pambano lao la kwanza, la Mei 1993, ndipo nirudi kwake.

Lile la kwanza alishinda Jones. Katikati ilikuwa imepita miaka 17, na mimi nilikuwa nimehukumu maisha mazima ya mtu kwa jioni moja.

Tangu siku hiyo, bondia yeyote ninayetaka kumwandikia namwangalia kwa mpangilio wa miaka. Ndivyo nilivyoelewa kilichomwangusha Jones. Alikuwa anaishi kwa kasi: mikono chini, kidevu wazi, anaruka na konde la kushoto kutoka mbali, na kabla hujajibu keshaondoka. Machi 2003 alipanda uzito wa juu akamnyang'anya John Ruiz mkanda, kisha akajikondesha kurudi uzito wake wa zamani. Mei 2004 Antonio Tarver akamlaza raundi ya pili. Septemba mwaka huohuo Glen Johnson akamlaza raundi ya tisa. Kabla ya hapo alikuwa amepoteza mara moja tu, tena kwa kuondolewa na mwamuzi kwa kosa alilofanya ulingoni. Kasi ilipopungua kidogo, hapakuwa na ukuta nyuma yake, na bado akaendelea kupanda ulingoni kwa miaka mingi. Hopkins alijijenga kwa vitu visivyozeeka haraka: kupima umbali, kushika kwa wakati wake, kumlazimisha mwenzake apigane taratibu. Ndiyo maana Mei 2011, akiwa na miaka 46, alimpiga Jean Pascal na kuchukua ubingwa.

Kwa hiyo pambano la uzeeni lina la kusema. Linaonyesha bondia alisimama juu ya nini. Haliwezi kukuambia alisimama juu kiasi gani.

Zima sauti ya watangazaji, angalia miguu. Aliyekuwa anapiga na kutoka, sasa anapiga na kubaki palepale. Macho yanaiona nafasi, bega linaanza kutikisika, halafu ngumi haiji. Mimi huirudisha picha hapo mara tatu, nne, kwa sababu umri unaanza kuonekana hapo kabla haujaonekana usoni.

Mwili utawadanganya. Oktoba 1980 Muhammad Ali alirudi kupigana na Larry Holmes akiwa na miaka 38, baada ya miaka miwili bila pambano. Alikuwa amepungua sana, tumbo limekwisha, nywele nyeusi tii, na watu wakaamini Ali wa zamani amerudi. Kumbe alikuwa anameza dawa za tezi ya shingo zilizomwacha bila nguvu. Angelo Dundee alilisimamisha pambano baada ya raundi ya kumi, na hiyo ndiyo mara pekee katika maisha yake Ali alishindwa kabla ya muda kwisha. Inauma kuliangalia hadi leo, lakini liangalieni.

Na msimsahau mshindi. Wengi hawamkumbuki. Holmes alikuwa bingwa wa kweli, ila ushindi ule haukumpa heshima, ulimpa lawama ya kumpiga mtu aliyekwisha. Januari 1988 yeye mwenyewe alikuwa na miaka 38 Mike Tyson alipomwangusha raundi ya nne. Mnapohesabu ushindi mkubwa wa bondia, ulizeni mpinzani alikuwa na umri gani siku hiyo, na alikuwa amekaa nje muda gani.

Wapo waliopanda kwa mapambano ya mwisho. George Foreman aliitwa miaka mingi yule aliyelazwa na Ali Kinshasa, mpaka Novemba 1994, akiwa na miaka 45 na yuko nyuma kwa pointi, alipomlaza Michael Moorer raundi ya kumi. Wladimir Klitschko yeye alipanda kwa kushindwa, na hili nalipenda zaidi. Walimlaumu miaka mingi kwa kushikashika na kupigana kwa tahadhari. Aprili 2017, akiwa na miaka 41, aliangushwa na Anthony Joshua raundi ya tano, akainuka, akamwangusha Joshua raundi ya sita, akasimamishwa ya kumi na moja. Usiku ule watu waliuona moyo wake.

Mkikutana na picha ya Joe Louis akiporomoka nje ya kamba mbele ya Rocky Marciano, Oktoba 1951, ana miaka 37 na madeni ya kodi yamemrudisha ulingoni, msiandike bado. Tafuteni kwanza Juni 1938, raundi ya kwanza dhidi ya Max Schmeling. Haifiki hata dakika tatu.