Kisigino Kikiuma, Saa Haijui

Asubuhi moja mwaka jana nilisimama katikati ya Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam nimeshika reli, mguu wa kulia nimeuinua, siwezi kwenda mbele wala kurudi. Vikundi vya jogging vilikuwa vinanipita vikiimba. Saa ya mazoezi mkononi ikatetema kunipongeza: kilomita tano zimetimia. Nilirudi nyumbani Msasani kwa bajaji.

Ninayaandika haya kwa sababu kila mwezi kuna mkimbiaji mwenzetu anaumia akiwa katika hali ileile niliyokuwa nayo, na kila mmoja anadhani maumivu yamemjia ghafla. Mimi hayakunijia ghafla. Yalikuwa yamenibishia hodi kwa wiki sita. Nikiamka alfajiri, hatua za kwanza kutoka kitandani hadi bafuni nilizipiga nikiwa nimeshika ukuta. Nyuma ya mguu, vidole viwili juu ya kisigino, palikuwa pamekaza kama kamba iliyolowa ikakaukia juani. Nikitembea dakika kumi panalegea. Nikivaa raba na kupasha misuli moto, maumivu yanapotea kabisa. Mtego uko hapo. Kano ya kisigino, kamba inayounganisha msuli wa shavu la mguu na mfupa wa kisigino, ikielemewa hutulia ukiipasha moto, unakimbia kwa raha zako, halafu inakudai kesho yake asubuhi.

Kwa nini sikupumzika? Saa ilikuwa inahesabu siku. Nilikuwa nimefikisha siku 112 mfululizo bila kukosa zoezi, na sikutaka hesabu irudi sifuri. Kila usiku niliangalia kile kiduara kimejaa, nikalala nimeridhika. Sasa nikikumbuka naona niliacha kuusikiliza mguu nikaanza kuusikiliza mkono.

Tuelewe kifaa hiki kinafanya nini hasa. Kinamulika ngozi kwa taa ya kijani na kusoma damu inavyopita. Kinahisi mkono unavyoyumba. Kinapokea ishara za satelaiti. Katika hayo yote hakuna linalogusa kano. Na hata kinachopimwa kina mipaka yake: ukifunga mkanda umelegea, saa inaweza kuhesabu mshindo wa hatua zako ikadhani ni mapigo ya moyo. Ukipita katikati ya maghorofa ya Posta, ishara zinagonga kuta na ramani inakuonyesha umekimbia ndani ya jengo. Ile kanuni ya kutoa umri wako kwenye 220 ili kupata kikomo cha mapigo ni wastani wa watu wengi; wewe mmoja unaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo kumi na zaidi. Na hatua 10,000 kwa siku, namba iliyotutia wasiwasi wengi, ilipata umaarufu Japani mwaka 1965 kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichopewa jina la biashara lenye maana hiyo, manpo-kei. Kutembea ni kuzuri mno, lakini usiumize mguu kwa ajili ya hatua 800 zilizobaki saa tatu usiku.

Kuna jambo lingine linalotuponza sisi Watanzania, nami nitalisema kwa heshima zote. Tumelelewa na picha ya John Stephen Akhwari akiingia uwanjani Mexico City mwaka 1968, goti limefungwa bendeji, giza limeingia, akiwa mtu wa 57 na wa mwisho kumaliza marathoni ile ambayo wakimbiaji 75 walianza. Kila nikiiona picha ile moyo wangu unajaa. Lakini ile ilikuwa Olimpiki, na alikuwa amevaa rangi za nchi. Mimi nilikuwa na zoezi la Jumatano. Anayejiambia "Akhwari alimaliza" ili amalizie kilomita mbili za kawaida huku anachechemea, anamtumia mzee wetu vibaya.

Nilipofika kwa mtaalamu wa fiziotherapia, dada mmoja mtulivu, hakuuliza kitu kuhusu saa. Alibana kano kwa vidole viwili, taratibu, akipanda juu, mpaka nikaruka. Akaniambia, "Kaka, hapa pamevimba siku nyingi. Ulikuwa unapasikia, sivyo?" Nikakubali.

Zoezi alilonipa halihitaji umeme. Unasimama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, unapanda kwa miguu miwili, unauachia mguu mbovu peke yake ushuke taratibu mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 15, raundi tatu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Wiki ya pili nilikata tamaa, maana sikuona tofauti yoyote. Akanieleza kwamba kano haipati damu nyingi kama msuli, kwa hiyo hupona polepole, na kwamba kuilaza tu bila kuipa kazi huifanya iwe dhaifu zaidi. Zoezi hili lilinifaa mimi kwa tatizo langu. Wewe nenda ukapimwe kwanza. Ukisikia kitu kimepiga "pa!" nyuma ya mguu kama umepigwa teke, na huwezi kusimama kwa vidole, usisubiri kesho. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nikiwa katikati ya wiki hizo 12, simu nayo ikanigeuka. Programu inayohifadhi kumbukumbu za saa ilijisasisha usiku, asubuhi ikaniambia simu yangu ni ya zamani mno, haitaifungulia tena. Kumbukumbu zangu za miaka mitatu zikabaki humo. Niliumia, sifichi. Tangu hapo, kifaa chochote nikitumiacho, kila mwisho wa mwezi nanakili namba zangu muhimu mahali ambapo hakuna kampuni inayoweza kupafunga.

Mahali penyewe ni daftari la kurasa 96 lililo jikoni, kando ya birika la chai. Kila siku mstari mmoja: nilifanya nini, nililala kwa saa ngapi, na maumivu ya kisigino ni ngapi katika kumi nikishuka kitandani. Ukurasa wa kwanza umeandikwa "6, 6, 5, 6, 4". Wiki ya nne nikaona jambo ambalo saa haikuwahi kunionyesha: kila baada ya siku niliyopanda ngazi za ofisini kwa haraka nimevaa viatu vya soli bapa, asubuhi yake namba ilipanda. Nikabadili viatu. Namba ikashuka.

Saa sijaitupa. Nimezima hesabu ya siku mfululizo, nimezima pongezi, nimebakisha dakika na mapigo. Mapigo nayatumia kunizuia nisikimbie kasi siku ambayo nimepanga kwenda polepole, na kwa kazi hiyo inanisaidia sana. Uamuzi wa kukimbia au kutokimbia naufanya kabla ya kuivaa, nikiwa bado peku sakafuni. Namba ikiwa tatu kushuka chini, natoka. Ikiwa nne, natembea. Ikizidi hapo, nabaki na zoezi la ngazi.

Kurudi barabarani nilianza na dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea, mara nane, siku moja nakimbia siku moja napumzika. Ilinichukua wiki saba kufikisha dakika 25 bila kusimama. Juzi nilivuka tena lile daraja hadi upande wa Upanga na kurudi. Jana asubuhi nikashuka kitandani bila kushika ukuta, nikaenda jikoni, nikaandika: "Daraja, kwenda na kurudi. Saa sita za usingizi. Kisigino 2."